Kompyuta Ikikunyima Usimamizi: Rudisha Haki Zako Kabla ya Kukubali Kufomati

Kutoka mjini Meru, ukipitia Nkubu, Chuka na Runyenjes hadi Embu, nyumba yenye kompyuta si jambo la kushangaza tena. Nyingi ni mashine za mitumba zilizotumika kwanza katika ofisi za Ulaya, HP EliteBook, Lenovo ThinkPad au Dell Latitude, zile ambazo wauzaji huziita eksi-UK. Kwenye mashine hiyo moja mzazi hujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni, kijana huomba mkopo wa HELB na kuchagua kozi kwenye KUCCPS, na picha za harusi na mahafali huhifadhiwa humo humo. Kisha siku moja unataka kuweka programu ya printa, na kompyuta inakataa. Inataka nenosiri la msimamizi, nawe huna, wala hujui ni nani aliye nalo.

Wengi wakifika hapo hubeba mashine hadi mjini, na jibu wanalopewa ni fupi: "Hii tutafomati tu." Kufomati ni kufuta. Na kwa tatizo hili, mara nyingi hakuna haja ya kufuta chochote. Zipo njia kadhaa za kurudisha usimamizi ukiwa umekaa mezani kwako, na zina mpangilio wake: unaanza na njia nyepesi isiyogusa kitu, ikishindikana unapanda hadi nyingine, na kufuta kunabaki kuwa hatua ya mwisho. Utaratibu ulio hapa chini unahusu Windows 10 na Windows 11, kwa kuwa ndizo zilizo kwenye mashine nyingi za nyumbani. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza jinsi utakavyoyaona kwenye skrini.

MSIMAMIZI NI NANI, NA HUPOTEA VIPI

Windows huwagawa watumiaji mafungu mawili. Mtumiaji wa kawaida, anayeitwa "Standard", anaweza kuandika barua, kuingia intaneti, kuchapisha na kuhifadhi kazi zake. Msimamizi, anayeitwa "Administrator", ndiye anayeweza pia kuweka na kuondoa programu, kufungua akaunti za wengine na kubadilisha mipangilio ya mashine nzima. Usimamizi basi ni cheo kinachopewa akaunti. Unaweza kuwa umeinunua kompyuta kwa pesa zako, na bado akaunti yako isiwe na cheo hicho.

Cheo hupotea kwa njia chache zinazojirudia. Aliyeiandaa mashine dukani alijifungulia akaunti ya msimamizi, akakupa wewe ya kawaida. Au kijana wako ndiye aliyeipanga, kisha akaenda chuoni Nairobi au kazini Qatar na nenosiri lake kichwani. Au akaunti imefungwa na barua pepe ya zamani, na laini ya simu iliyosajiliwa nayo ilishapotea. Wapo pia waliofuata maelekezo nusu nusu, wakaiwasha akaunti iliyofichwa inayoitwa Administrator, wakaishusha akaunti yao kuwa ya kawaida, halafu wakaizima ile iliyofichwa. Mashine ikabaki bila msimamizi hata mmoja.

Kuna jambo jingine linalofanana na hili ingawa silo. Stima ikikatika ghafla wakati mashine inaandika kwenye diski, folda ya akaunti yako huweza kuharibika. Ukiwasha tena, unakuta dawati tupu, mafaili hayaonekani, na ujumbe unaosema kwamba Windows imeshindwa kukuingiza kwenye akaunti yako. Hapo cheo hakijapotea. Usianze kazi yoyote kwenye dawati hilo tupu, kwa sababu utakachohifadhi humo hufutika ukitoka. Zima, washa tena mara moja au mbili. Mara nyingi akaunti hurudi.

HATUA YA KWANZA: NAKILI KAZI ZAKO SASA HIVI

Kabla ya kujaribu lolote, okoa mafaili. Mtu hahitaji kuwa msimamizi ili anakili vitu vyake mwenyewe. Kama bado unaweza kuingia kwenye akaunti yako ya kawaida, chomeka flashi au diski ya nje, fungua diski C, kisha folda ya "Users", kisha folda yenye jina lako. Nakili "Desktop", "Documents", "Downloads" na "Pictures". Wengi husahau "Downloads", na huko ndiko zilikolala risiti za iTax, barua za kujiunga na chuo na fomu ulizopakua eCitizen.

Tazama alama ndogo kando ya kila faili. Ukiona alama ya wingu, ujue faili hilo liko kwenye hifadhi ya mtandaoni ya OneDrive na halijashuka kwenye mashine. Unganisha intaneti, ulifungue lishuke kwanza, ndipo ulinakili. Ukimaliza, chomoa flashi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili mawili matatu kuhakikisha yanafunguka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu.

HATUA YA PILI: JUA KAMA MSIMAMIZI YUPO

Jaribu kuweka programu yoyote, kisha tazama kinachotokea. Skrini hufifia na dirisha dogo hujitokeza katikati. Likija na jina la mtu na kisanduku cha kuandikia nenosiri, msimamizi yupo, na jina lake ndilo hilo unaloliona. Lakini likija bila kisanduku chochote, kitufe cha "Yes" kikiwa kimefifia hakibofyeki, na "No" peke yake ndiyo inayokubali kubonyezwa, mashine inakuambia kwamba haina msimamizi hata mmoja anayeweza kutumika. Tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayoamua ufuate njia ipi.

Hakikisha kwa njia ya pili. Bofya sehemu ya kutafutia, andika cmd, ubonyeze Enter. Dirisha jeusi likifunguka, andika mstari huu:

net localgroup administrators

Amri hii haibadilishi kitu, na mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuitoa. Itakupa orodha ya akaunti zote zenye cheo cha usimamizi. Ukiona Administrator peke yake, huyo ni yule aliyefichwa, ambaye Windows humzima kwa kawaida tangu toleo la Vista la mwaka 2007. Ukiona jina jingine lolote, umeshampata mtu wa kumtafuta.

Iandike orodha hiyo kwenye karatasi. Hata ukienda kwa fundi, karatasi hiyo itamwokolea muda na itakuokolea pesa.

HATUA YA TATU: AKIWEPO MSIMAMIZI MWINGINE, MTUMIE

Kama jina lililo kwenye orodha ni la mwanao, la mwenzi wako au la aliyekuuzia mashine, kazi ni nyepesi. Mpigie simu akupe nenosiri, au akiwa karibu aje aliandike mwenyewe. Ingia kwenye akaunti yake, fungua "Settings", kisha "Accounts", kisha "Other users". Kwenye Windows 10 pameandikwa "Family & other users". Bofya jina lako, chagua "Change account type", uweke "Administrator", kisha "OK". Toka, ingia kwenye akaunti yako. Umemaliza, na hakuna faili hata moja lililoguswa.

Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Nkubu ambaye binti yake ndiye aliyemwandalia kompyuta kabla ya kuondoka kwenda kufanya kazi Doha. Mwalimu huyo hahitaji fundi. Anahitaji mazungumzo mafupi ya WhatsApp: "Mwanangu, nenosiri la ile akaunti yako ni lipi?" Akishapandisha cheo akaunti yake mwenyewe, binti hatahitajika tena. Ni jambo dogo, lakini watu wengi hulipia kufomati kabla hawajapiga simu hiyo moja.

HATUA YA NNE: KAMA NI NENOSIRI LILILOSAHAULIKA

Huenda msimamizi ni wewe mwenyewe na kilichopotea ni nenosiri tu. Hapo chunguza kwanza akaunti yako ni ya aina gani.

Kama huingia kwa barua pepe, hiyo ni akaunti ya Microsoft, na nenosiri lake hurekebishwa mtandaoni. Kwa simu yako au kwenye saiba unayoiamini, fungua account.live.com/password/reset, andika barua pepe yako, nawe utatumiwa nambari ya siri kwa simu au kwa barua pepe ya akiba. Ukishaweka nenosiri jipya, rudi kwenye kompyuta na uiunganishe na intaneti pale pale kwenye skrini ya kuingilia, kwa kubofya alama ya mtandao iliyo pembeni chini, kabla ya kulijaribu. Bila intaneti mashine bado inalikumbuka lile la zamani na italikataa jipya, nawe utadhani umekosea.

Kama laini ile haiko tena na barua pepe ya akiba imepotea, ipo fomu ya Microsoft ya kuomba kurudishiwa akaunti. Ombi hilo lifanye leo, usingoje wiki ya mwisho ya Juni.

Tofautisha pia nenosiri na pini. Pini ni ya mashine hiyo moja, nenosiri ni la akaunti nzima. Aliyesahau pini anabofya "I forgot my PIN" na kuthibitisha kwa nenosiri. Anayekumbuka pini lakini amesahau nenosiri anaweza kuingia kwanza, akatulia, akalibadilisha kupitia tovuti.

Kama akaunti yako haina barua pepe, hiyo ni ya mashine yenyewe. Andika nenosiri lolote, likikataliwa, maneno "Reset password" yatatokea chini yake. Windows 10 tangu toleo la 1803 la mwaka 2018 hukuuliza maswali matatu uliyojibu siku ulipofungua akaunti. Jibu kwa herufi zile zile ulizotumia siku hiyo. Kama uliandika jina la mahali kwa kifupi chako mwenyewe, jaribu kifupi hicho.

HATUA YA TANO: MWAMSHE MSIMAMIZI ALIYEFICHWA

Sasa tuje kwenye hali ngumu, pale "Yes" ilipofifia na hakuna msimamizi wa kumpigia simu. Windows iliwekewa mlango wa dharura. Kwenye mashine ya nyumbani isiyounganishwa na mtandao wa ofisi, na isiyo na msimamizi mwingine aliye hai, akaunti ile iliyofichwa huweza kukubali kutumika ukiiwasha mashine kwa hali salama.

Kwanza hakikisha una ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za siku hizi hufumba diski nzima kwa kinga hiyo, na ukiingia kwenye sehemu ya urekebishaji huweza kukudai nambari ya tarakimu 48. Nambari hiyo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiandaa mashine, nawe utaipata kwa kuingia aka.ms/myrecoverykey. Iandike kwenye karatasi kabla ya kuendelea.

Kisha fuata mtiririko huu. Kwenye skrini ya kuingilia, bofya alama ya kuzima, shikilia kitufe cha Shift kwenye kibodi bila kukiachilia, ubofye "Restart". Skrini ya buluu ikitokea, chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Settings", kisha "Restart". Mashine ikijiwasha upya itakuletea orodha yenye nambari. Bonyeza 4 kwa hali salama.

Ukiona jina la Administrator kwenye skrini ya kuingilia, lichague. Kwa kawaida halina nenosiri, basi bonyeza Enter tu. Ukishaingia, fungua dirisha la amri kama ulivyofanya mwanzo, uandike:

net localgroup administrators jinalako /add

Badala ya "jinalako" weka jina la akaunti yako jinsi lilivyo kwenye mashine. Likiwa na nafasi katikati, lifunge kwa alama za kunukuu. Ukipata ujumbe kwamba amri imekamilika, washa mashine upya kwa njia ya kawaida, ingia kwenye akaunti yako na ujaribu kuweka ile programu. Kitufe cha "Yes" sasa kitabofyeka.

Mashine nyingine hazimwonyeshi Administrator hata kwenye hali salama. Ikitokea hivyo kwako, usilazimishe wala usianze kutafuta mtandaoni programu za kuvunja manenosiri. Nyingi kati ya hizo hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na hapo ndipo hasara kubwa zaidi huingia. Songa mbele.

HATUA YA SITA: IRUDISHE MASHINE KATIKA SIKU YA NYUMA

Kama tatizo lilianza hivi karibuni na mashine ilikuwa ikihifadhi kumbukumbu za hali yake, unaweza kuirudisha ilivyokuwa kabla ya mambo kuharibika. Kwa kutumia ile Shift na "Restart", nenda "Troubleshoot", "Advanced options", kisha "System Restore". Ukiona orodha ya tarehe, chagua iliyo kabla ya tatizo. Barua na picha zako hazitaguswa, ila programu ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitaondoka. Njia hii nayo huweza kukudai nenosiri la msimamizi. Ikikudai nawe huna, au orodha ikiwa tupu, iache.

HATUA YA SABA: OKOA MAFAILI YA AKAUNTI USIYOWEZA KUIFUNGUA

Ukifika hapa ujue kufuta kunakaribia, kwa hiyo lazima kila kilicho ndani kitoke kwanza. Vya kwako ulishavinakili katika hatua ya kwanza. Lakini vya wenzako nyumbani, au vya akaunti uliyofungiwa nje, vinahitaji njia nyingine, nayo ni kuiwasha mashine kwa Ubuntu iliyo kwenye flashi.

Kwenye kompyuta ya rafiki yenye intaneti nzuri, pakua Ubuntu bure kutoka ubuntu.com, uiandike kwenye flashi ya GB 8 au zaidi kwa programu iitwayo Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, basi isiwe ile yenye nakala zako. Zima kompyuta yako ukiwa umeshikilia Shift ili izime kabisa. Usipofanya hivyo, Windows hubaki nusu usingizi, na Ubuntu inaweza kukataa kuifungua diski kama inavyotakiwa. Chomeka flashi, washa, na papo hapo bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP ni Esc kisha F9. Chagua flashi, halafu "Try Ubuntu". Usichague "Install", maana hiyo ndiyo inayoweza kuifuta Windows.

Ubuntu ikishafunguka, utaiona diski ya Windows kwenye programu ya mafaili. Fungua "Users", ingia kwenye folda unazozihitaji, uzinakili kwenye diski ya nje. Diski ikiwa imefumbwa, utatakiwa zile tarakimu 48. Bila nambari hiyo hakuna fundi atakayeifungua, hata akikuahidi.

HATUA YA MWISHO: KUIANZISHA MASHINE UPYA

Mafaili yakiwa salama kwenye diski ya nje, na ukiwa umeyafungua ukayaona, sasa unaweza kuianzisha kompyuta upya bila woga. Ile Shift na "Restart", "Troubleshoot", kisha "Reset this PC". Hapo utaulizwa kati ya "Keep my files" na "Remove everything". Ya kwanza inavutia kwa jina, lakini kwa tatizo hili haifai: pamoja na mafaili huhifadhi akaunti na vyeo vyake, hivyo unaweza kumaliza kazi yote ukajikuta mtumiaji wa kawaida kama mwanzo. Chagua "Remove everything".

Swali linalofuata linahusu data, nalo ni muhimu kwa anayetegemea bando la simu. "Cloud download" hupakua Windows mpya mtandaoni na huweza kula zaidi ya GB 4. "Local reinstall" hutumia iliyomo ndani ya mashine. Kama haina hitilafu nyingine, chagua ya pili.

Chomeka chaja na usiichomoe. Betri za mashine za mitumba nyingi zimechoka, na kazi hii huchukua muda mrefu. Ikiwa mvua kubwa imetanda na stima inayumba, ahirisha hadi kesho. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS usiianzishe upya siku ya mawingu mazito. Mashine ikizimika katikati, tatizo la cheo litakuwa limegeuka kuwa tatizo la Windows isiyowaka.

Ukimaliza, akaunti ya kwanza utakayofungua itakuwa ya msimamizi. Andaa intaneti, kwa kuwa Windows 11 huidai wakati wa kuipanga. Wala usikubali kuuziwa leseni mpya. Mashine iliyokuwa na Windows halali hutambuliwa tena yenyewe ikiunganishwa na mtandao, ilimradi ni toleo lile lile. Ikumbukwe pia kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako inaweza kubeba Windows 11, huu ndio wakati mzuri wa kuhamia.

MASHINE USIZOPASWA KUZIGUSA

Hatua hizi zote ni za kompyuta yako mwenyewe. Laptopu ya shule, ya kaunti, ya hospitali au ya mwajiri ina wasimamizi wake, na kukunyima cheo ni uamuzi wao. Waone watu wa idara ya teknolojia. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kifungu cha 14, inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au yote mawili.

Mashine ya mitumba nayo huweza kuwa na mwenyewe bado. Ukiianzisha upya na ikakukaribisha kwa jina la kampuni ya ng'ambo, ikidai barua pepe ya kazini, au ikiomba nenosiri kabla hata Windows haijaanza kuwaka, mashine hiyo haikuachiliwa vizuri na waliokuwa wakiitumia. Irudishe kwa aliyekuuzia, ukiwa na risiti, na udai nyingine au pesa zako. Na kabla ya kununua, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, afungue "Settings" na "Accounts", uone kwa macho yako neno "Administrator" chini ya jina utakalotumia.

UKILAZIMIKA KWENDA KWA FUNDI

Mafundi wazuri wapo, na wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru au wa Chuo Kikuu cha Embu huijua kazi hii. Lakini nenda ukiwa umejiandaa. Toka kwanza kwenye WhatsApp ya kompyuta na kwenye barua pepe. Mpe ile karatasi ya majina. Kisha umuulize waziwazi: "Fundi, kuna kitu utakachofuta? Nionyeshe nakala kwanza." Akisema hakuna haja ya nakala, chukua mashine yako uende kwingine. Ukiweza, kaa naye akifanya kazi. Mafaili yako yana nambari za vitambulisho, taarifa za kodi na picha za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatambua haki yako ya kulindiwa taarifa hizo.

ISITOKEE TENA

Siku ile ile unayorudishiwa cheo, fanya mambo matano kabla hujafunga mashine.

1. Fungua akaunti ya pili ya msimamizi, isiyotumiwa na mtu kila siku. Iite kwa jina rahisi, uiwekee nenosiri refu.

2. Kazi za kila siku, na hasa michezo ya watoto, zifanyike kwenye akaunti za kawaida. Virusi vikiingia humo havipati kirahisi mamlaka juu ya mashine nzima.

3. Andika manenosiri na zile tarakimu 48 za BitLocker kwenye karatasi, uiweke kwenye bahasha pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa. Mwambie mtu wa pili mahali ilipo.

4. Sasisha nambari ya simu na barua pepe ya akiba kwenye akaunti ya Microsoft kila unapobadilisha laini.

5. Nunua diski ya nje na unakili mafaili mara kwa mara. Akiba haiozi.

Jambo lililo zito kuliko yote hapa ni lile la kwanza. Nyumba yenye msimamizi mmoja wa kompyuta itakwama siku mtu huyo atakaposafiri, atakaposahau au atakapofariki. Basi usisubiri kufungiwa nje: leo jioni washa kompyuta yenu, andika ile amri ya orodha, uhesabu majina bila kumhesabu yule Administrator aliyefichwa. Kama unamwona msimamizi mmoja tu, mwongeze wa pili kabla ya kulala.